Sura ya Tano: Chuma cha Mrusi

Jumapili moja asubuhi, kwenye meza za mitumba pale Mchikichini, Dar es Salaam, nilikuta kamera imelazwa kati ya pasi mbili za umeme na redio iliyokosa mfuniko wa betri. Niliinyanyua, mkono ukashuka kwa uzito wake. Usoni ilikuwa na herufi za Kirusi, na juu ya lenzi kulikuwa na kipande cha kioo chenye vijicho vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Kijana aliyekuwa akiuza aliniona nimenyamaza.

"Chukua mzee, chuma cha Mrusi hicho," akasema. "Ila haina chaji. Nimetafuta pa kuchomeka waya, sijapaona."

Nilimwomba ruhusa nifungue mgongo wa kamera. Ndani mlikuwa na vumbi, lakini pazia zake za kitambaa cheusi zilikuwa nzima. Nikavuta mkono wa kuvutia mkanda, nikaielekeza angani, nikabonyeza. Pazia likafunguka na kufunga, na kipande cha mbingu kikapita machoni pangu kwa kufumba na kufumbua. Nikarudia mara kumi. Haikukwama hata mara moja.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hii haichajiwi. Imeundwa hivyo. Nzima kabisa."

Akaipokea, akaweka jicho, akabonyeza, akacheka. "Kumbe iko hai!" Tukapatana shilingi 40,000.

Wiki ile ile nikaagiza mkanda mmoja wa rangi, wa picha 36. Pamoja na nauli ya kuufikisha, ulinigharimu zaidi ya kamera yenyewe. Hapo ndipo lilipo somo la sura hii. Kamera kongwe ni rahisi. Kilicho ghali ni kuipigia picha. Anayetaka kukusanya kamera hizi basi azikusanye kwa nia ya kuzifanyisha kazi. Inayokaa kabatini miaka kumi huota kuvu, hukauka grisi, na mwisho hufa kweli.

Ilivyotufikia

Kamera ile ni Zenit-E. Ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960 katika kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow. Baadaye kiwanda kingine kule Belarus nacho kikaitengeneza, na uzalishaji uliendelea hadi miaka ya 1980. Zilitoka zaidi ya milioni 3. Kwa wingi huo, haishangazi kwamba mpaka leo unaweza kuikuta Mchikichini, Gikomba ya Nairobi au kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee.

Huku kwetu nimezikuta zaidi katika nyumba za watu waliosoma Urusi. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, vijana wa Afrika Mashariki walikwenda na kurudi. Wapo waliorudi na shahada, koti zito lisilovaliwa tena, na Zenit. Kwa fedha za posho ya mwanafunzi, hiyo ndiyo kamera iliyonunulika.

Ukiichunguza utaielewa haraka. Ina mwendo wa shata, yaani lile pazia, wa namba 5 tu, kuanzia 1/30 ya sekunde hadi 1/500, pamoja na alama ya B ya kuacha pazia wazi kwa muda utakao. Lile sega la nyuki ni kipima mwanga cha seleniamu, madini yanayozalisha umeme kidogo yapigwapo na nuru, hivyo sindano husogea bila betri. Kipimo hicho kikizeeka na kufa, kamera inaendelea kupiga kama kawaida, kwa sababu hakijaunganishwa na kitu kingine chochote ndani yake.

Utajiri wake uko kwenye lenzi. Zenit-E nyingi zina Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 iliyofuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss kutoka Jena, Ujerumani. Ifungue mpaka namba 2, mweke mtu hatua mbili mbele yako na mwembe nyuma yake. Uso utatoka umekatika vizuri, na majani ya mwembe yatazunguka nyuma yake kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Wapiga video wengi wa leo huinunua Helios na kuifunga kwenye kamera zao za dijitali kwa sababu ya mzunguko huo. Ndiyo maana ukiletewa Zenit, angalia kwanza kama lenzi bado ipo.

Dakika kumi kabla ya kulipa

Muuzaji wa mitumba hauzi kwa dhamana. Dhamana yako ni macho na masikio yako, na dakika kumi zinatosha.

Anza na lenzi. Itoe, ifungue mpaka mwisho, kisha imulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu, na pwani yetu yenye unyevu ndiyo makazi yake. Ikiwa changa, fundi anaweza kuisafisha. Iliyokomaa hula rangi ya juu ya kioo na kuacha kovu lisilofutika.

Kisha fungua mgongo na uangalie pazia. Lielekeze kwenye ukuta mweupe unaowaka jua, weka 1/500, bonyeza huku ukitazama kutoka nyuma. Dirisha lote la picha linapaswa kuwaka. Likiwaka nusu, pazia la pili linalikimbilia la kwanza, na kila picha utakayopiga kwa mwendo huo itatoka na upande mweusi. Shuka namba moja moja, usikilize. Sauti ya 1/30 iwe ndefu kuliko ya 1/125. Zikilia sawa zote, grisi imeganda.

Tazama sponji nyeusi kwenye kingo za mgongo. Kamera nyingi za Japani za miaka ya 1970 zina sponji hizo za kuzuia mwanga, na baada ya miaka 40 hugeuka lami inayonata vidoleni. Kamera haijaharibika kwa hilo; inataka sponji mpya au uzi mnene mweusi. Usipozibadilisha, mwanga utapenya na picha zitaungua.

Mwisho, chumba cha betri. Kamera nyingi za zamani zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo nchi nyingi zimezipiga marufuku kwa sumu yake. Za leo za volti 1.5 huingia vizuri kabisa, ila kipimo hudanganya. Kwa hiyo kwa mwanzo ninapendekeza kamera ambayo shata yake inakwenda kwa springi, bila umeme. Ikikuharibikia kijijini, angalau haitakuwa kwa sababu ya betri.

Ndugu zake wa bei nafuu

Zenit ikikuchosha kwa uzito, wapo wengine.

Olympus Trip 35 ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1967 na kuendelea hadi 1984. Ni ndogo, inaingia mfukoni mwa koti. Nayo ina sega la seleniamu, limezunguka lenzi, na yenyewe huamua mwanga kwa kuchagua kati ya mwendo wa aina 2 tu, 1/40 na 1/200. Umbali unauchagua kwa alama: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kundi, mlima. Mwanga ukiwa hautoshi, kibendera chekundu huchomoza dirishani na kitufe hugoma kubonyea. Kwa mtu anayeanza, kibendera hicho kinaokoa mikanda mingi. Ukiinunua, ibonyeze gizani kisha juani: kibendera kikichomoza gizani na kisichomoze juani, seleniamu bado ina uhai.

FED ina historia inayofaa kukumbukwa kila unapoishika. Ilianza mwaka 1934 huko Kharkiv, Ukraine, katika makazi ya kazi yaliyolea watoto na vijana waliokosa wazazi, chini ya mwalimu Anton Makarenko. Vijana wale walitengeneza nakala ya Leica ya Kijerumani, kamera iliyokuwa ya matajiri, kwa mikono yao. Sharti lake moja ulizingatie, na ndilo la ndugu yake Zorki vilevile: usizungushe namba ya mwendo kabla hujavuta mkanda. Ukikiuka, unaweza kuvunja meno ya ndani.

Pentax K1000 ni ya daraja la juu kidogo kwa bei, ila bado iko mbali na Leica. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, zaidi ya milioni 3, na vizazi vya wanafunzi wa upigaji picha vilifundishwa kwayo. Betri yake ni ya kipimo cha mwanga tu. Shata inakwenda yenyewe.

Na kuna Yashica-Mat, ile yenye lenzi mbili moja juu ya nyingine. Toleo la mwisho, 124G, lilitoka mwaka 1970 na kukoma 1986. Hutumia mkanda mpana unaotoa picha 12 za mraba. Unaishika tumboni na kutazama chini kwenye kioo, ambamo kulia huonekana kushoto. Mwenye Yashica humwinamia anayempiga, na watu humwangalia mpiga picha aliyeinama tofauti na wanavyomwangalia aliyewaelekezea kitu usoni. Nimepiga picha za wazee kwa kamera za namna zote mbili. Za Yashica ndizo walizotulia.

Wala usidhani kamera ya bei rahisi ni ya wasio na kipaji. Kodak ilipotoa Brownie mwaka 1900, boksi la kadibodi la dola 1, ndipo picha ilipotoka mikononi mwa matajiri. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na boksi kama hilo lililokwisha tumika. Huyo ndiye aliyekuja kurekodi njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, picha zilizoiamsha dunia.

Mwanga wetu na nyuso zetu

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa kwenye nchi zenye jua la kuomba. Kanuni yao maarufu inasema: jua likiwaka, funga tundu la lenzi hadi namba 16, na mwendo wa shata ulingane na namba ya ASA ya mkanda, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga. Mkanda wa ASA 200 basi unapigwa 1/250 kwa namba 16. Kumbuka tu kwamba namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Kwa mandhari ya bahari ya Hindi saa nne asubuhi, kanuni hiyo inakwenda sawasawa. Kwa nyuso zetu inahitaji marekebisho, na hilo nililijifunza kwa mkanda mzima. Nilimpiga picha mzee mmoja wa mtaani kwetu ametoka msikitini adhuhuri, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Kipimo cha Zenit kiliiona kanzu, kikaamini dunia yote ni nyeupe, kikaniambia nifunge tundu. Mkanda ulipotoka, kila mshono wa kanzu ulionekana na uso wa mzee ulikuwa kivuli kitupu.

Nilirudi kwake baada ya wiki, nikamwamkia, nikamweleza. Hakusumbuka. Nikamwomba asogee kwenye kivuli cha mwarobaini, uso ukitazama upande wenye uwazi. Nikapima mwanga kwa kuisogeza kamera hadi karibu na shavu lake, si kutoka mbali. Sindano ikasema 1/125 kwa namba 4. Nikapiga 3 tu.

"Leo umenipeleka kivulini, mwanangu," akaniambia. "Juzi ulinichoma jua."

Picha ya pili katika zile 3 iko ukutani kwake sasa. Kila mkunjo wa paji la uso unaonekana, na kanzu bado ni kanzu.

Basi shika haya kwa mkanda wa ASA 200 na mwendo wa 1/250. Juani, kwa mtu mweusi, anza na namba 11, hata 8 kama jua liko nyuma yake. Mawingu mepesi, namba 8. Kivuli cha mti au ukuta chenye anga wazi mbele, namba 5.6, au 4 kama kivuli ni kizito. Barazani chini ya paa, shuka hadi 1/60 na namba 4, ukiegemea nguzo ili mkono usitikisike. Ukisita kati ya namba mbili, chagua inayoingiza mwanga zaidi. Mkanda wa negativu husamehe mwanga uliozidi, hausamehi uliopungua. Nayo saa sita hadi saa tisa mchana, wakati macho yanapogeuka mashimo meusi chini ya paji, iache kamera mkobani au uwatafutie watu kivuli.

Tatizo la ngozi na mkanda lina mizizi mirefu. Kwa miongo kadhaa Kodak ilipeleka kwenye maabara kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaja kuitwa Shirley. Rangi zilizotoka vizuri kwenye shavu lake ndizo zilizohesabiwa kuwa sahihi. Mikanda ya leo imeboreshwa sana, lakini aliyeshika kamera Tanga au Kisumu bado ana wajibu wa kupima mwanga kwa uso ulio mbele yake. Studio zetu za zamani zilikuwa zikifanya hivyo kila siku. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na studio ya Parekh ya Mombasa zilipiga watu wa rangi zote za pwani, na ukizitazama kazi zao leo utaona weusi uliojaa nuru.

Kusafisha kwa kahawa

Zamani tulisema "kupeleka picha kusafisha", na kila mji ulikuwa na pa kuzipeleka. Mitambo hiyo sehemu nyingi imezimwa. Mkanda wa rangi itabidi uutafutie maabara, mara nyingi kwa kuutuma mbali. Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe unaweza kuusafisha nyumbani usiku huu, na dawa yake moja iko kwenye duka la mangi.

Mwaka 1995, katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, mji ule ule wa Kodak, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya unga wa kuyeyuka inaweza kusafisha picha. Kinachofanya kazi ni asidi iliyomo ndani ya kahawa, wala si ile inayotutoa usingizi. Mkanda una chembe za chumvi ya fedha. Zilizoguswa na nuru, dawa huzigeuza kuwa fedha halisi, nyeusi. Zisizoguswa hubaki na kuondolewa baadaye. Kahawa ikiwa kwenye maji yenye sodiamu kaboneti, huifanya kazi hiyo, na vitamini C huiharakisha.

Kipimo kinachotumiwa na wengi kwa lita 1 ya maji ni hiki: gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C ya unga, na gramu 40 za kahawa. Yeyusha kwa mpangilio huo huo. Sodiamu kaboneti utaipata kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Usiichanganye na magadi ya kupikia maharage, wala na ile soda kali inayounguza ngozi. Kahawa isiwe ya kifahari. Za robusta ndizo zinazosifiwa kwa kazi hii, nasi tunayo Africafé ya Bukoba, kopo ambalo karibu kila jiko lina lake.

Adui ni joto. Kipimo hicho kinataka nyuzi 20 kwa dakika 15, na maji ya bomba la Dar es Salaam yanakaribia 30. Mimi hutia beseni vipande vya barafu, naweka chupa ya dawa katikati, na kusubiri na kipimajoto mkononi.

Kazi ya giza ni moja tu: kuuviringisha mkanda kwenye gurudumu la tangi. Nasubiri usiku, nafunika dirisha la bafu kwa blanketi zito na kuziba uvungu wa mlango kwa taulo. Nakaa dakika 5 gizani. Nikiona mkono wangu, sianzi. Kisha nafungua kopo la mkanda, nakata ulimi, napapasa mdomo wa gurudumu kwa kidole gumba, nasukuma kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka mkanda wote umeingia. Ukikwama, usiulazimishe: rudi nyuma kidogo, vuta pumzi, anza tena. Ukishafunga mfuniko wa tangi, washa taa. Mengine yote hufanyika mwangani.

Mimina kahawa, kiasi cha mililita 300 kwa mkanda mmoja. Geuza tangi taratibu, mara 3 kila dakika. Harufu yake si ya kahawa ya asubuhi. Fungua dirisha, na vyombo unavyotumia visirudi jikoni. Baada ya dakika 15 mwaga, suuza, kisha mimina dawa ya kukazia picha. Hiyo lazima uiagize dukani, kahawa haiwezi kushika nafasi yake. Dakika 5 hadi 10, halafu suuza kwa maji mengi.

Ukifungua tangi mara ya kwanza, na kuvuta mkanda uliolowa, na kuona watu wako wamejipanga pale, wadogo, weupe palipo weusi na weusi palipo weupe, utaelewa kwa nini watu bado wanajitaabisha hivi mwaka huu. Uanike kwa vibanio vya nguo pasipo na vumbi. Ukikauka, uweke juu ya mwanga mweupe, upige kwa simu, ugeuze rangi kwa programu ya bure. Simu na chuma cha Mrusi hufanya kazi pamoja bila ugomvi.

Chache, na zote zinafanya kazi

Mkanda bado upo. Kodak iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2012, lakini mikanda yake inaendelea kutoka Rochester. Ilford inatengeneza yake Mobberley, Uingereza. Foma inatengeneza ya bei nafuu huko Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya mkanda. Wanaosema ufundi huu umekufa hawajauliza.

Ushauri wangu ni kwamba usizidishe kamera 3. Moja nzito ya kubadilisha lenzi, moja ya mfukoni, na moja ya mkanda mpana kama mfuko unaruhusu. Kila moja ipite mkononi mwako walau mara moja kwa mwezi, uivute na kuibonyeza kwa kila namba. Zitoe kwenye mikoba yao ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu, na uziweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vijifuko vya chembe za kukausha unavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu. Usinyunyizie mafuta ndani hata kama pazia limekuwa zito, mpelekee fundi.

Na uwe na daftari. Kila picha iandikie namba, tundu, mwendo, mahali na jina la mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha ni mali. Baada ya mikanda 5 hutahitaji kipimo tena, macho yako yatajua namba. Baada ya miaka 20, daftari hilo ndilo litakalowaambia wajukuu yule ni nani.

Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Niliwahi kuona studio moja ya mtaani ikifungwa, na maboksi ya negativu yakamwagwa uani na kuchomwa pamoja na takataka. Harusi, maulidi, pasipoti saizi za watu waliokwenda Oman na hawakurudi, watoto waliovalishwa viatu vya kuazima kwa siku moja. Ulikuwa moto wa nusu saa.

Basi leo jioni ukirudi nyumbani, muulize bibi, muulize mjomba, kama kuna kamera iliyowekwa mahali. Ukipewa, ifungue mgongo, uivute, usikilize. Kabla hujashukuru na kuondoka, uliza na negativu ziko wapi, uzipokee kwa mikono miwili, uandike majina wakati anayeyajua bado yupo. Kamera nyingine utaipata Mchikichini Jumapili ijayo. Negativu za kwenu hazipo kwenye meza yoyote.